Semina, jumuiya ya shule, kozi ya mtandaoni au mwezeshaji wa kutembelea: ipi imfae mwalimu wa msingi Mwanza?

Fedha za mafunzo zikionekana, ziwe za halmashauri, za mradi au za mfadhili aliyewahi kusoma shuleni hapo, neno la kwanza kikaoni huwa lilelile: tuitishe semina. Semina ina mahali pake. Lakini kumfanya mwalimu wa darasa la tatu au la tano afundishe kwa kishikwambi, projekta au simu yake mwenyewe ni kazi ambayo mara nyingi semina peke yake haiimalizi. Hapa tunapima njia nne kwa macho ya mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata au taasisi ndogo yenye bajeti ya mwaka mmoja na shule tano hadi kumi za kuhudumia. Kipimo ni kimoja: wiki sita baada ya mafunzo, vipindi vingapi vimefundishwa kwa kifaa, na wanafunzi walifanya nini ndani ya vipindi hivyo.

Kwanza, jua walimu wako wako wapi

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile kwisha. Kwa hiyo shule nyingi, hata za vijijini Kwimba au Misungwi, haziwezi kusema hazijawahi kuona kifaa. Kinachotofautiana ni matumizi: kwa mmoja kishikwambi ni cha kujaza takwimu, kwa mwingine ni cha kuangalia mpira, na kwa mwingine kimefungiwa kabatini kwa hofu ya wizi mpaka betri imekufa.

Usichague njia kabla ya kupima. Dodoso la "je, unaweza kutumia TEHAMA?" halifai, kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Mpe kila mwalimu kifaa na kazi nane, dakika kumi: aunganishe kifaa na intaneti, afungue faili lililo kwenye memori kadi, apige picha ya daftari la mwanafunzi na kuikuza, aunganishe kifaa na televisheni au projekta, aongeze mwanga na sauti, apate kitabu cha kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), aandike maswali matano na kuyahifadhi, afute mafaili ili kupata nafasi. Anayefanya chini ya kazi nne anahitaji mtu wa kukaa naye bega kwa bega. Anayefanya nne hadi sita anahitaji mazoezi na wenzake. Anayefanya saba au nane hahitaji tena kufundishwa kifaa, anahitaji kufundishwa namna ya kufundisha kwa kifaa, na hilo ni somo jingine kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea kwenye ratiba nyingi za mafunzo. Mfumo wa UNESCO wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, toleo la 2018, una stadi 18 zilizopangwa katika ngazi tatu: kupata maarifa, kuyakuza, na kuunda maarifa mapya. Mwezeshaji anayeanza na ngazi ya tatu mbele ya walimu wa ngazi ya kwanza hupata makofi mengi siku ya kufunga, na hakuna kinachobadilika darasani.

Semina ya siku chache

Hii ni ile ya siku mbili hadi tano, kituo cha walimu au chuoni, kwa mfano Butimba. Faida yake ni ya kweli: mwalimu anatoka kwenye kelele za shule, anagusa kifaa kwa utulivu, anakutana na wenzake wa kata nyingine, na barua ya mwaliko inampa ruhusa ya kujifunza bila kuonekana anakwepa vipindi. Kwa walimu wa chini ya kazi nne, siku mbili za namna hiyo zinasaidia sana kuondoa woga.

Tatizo kubwa ni mtindo wa kumwagia chini: wawezeshaji wa kitaifa wanawafundisha wa mkoa siku tano, wa mkoa wanawafundisha wa kata siku mbili, na mwalimu mmoja wa shule anarudi kuwaeleza wenzake kwa saa moja, Ijumaa mchana, watu wameshika mikoba. Kinachofika mwisho ni vichwa vya mada. Sehemu ya mazoezi ndiyo inayokatwa kwanza kila ngazi, kwa sababu ndiyo inayokula muda.

Tatizo la pili ni vifaa. Semina inafanyika kwa projekta safi, umeme usiokatika na intaneti ya ukumbini, halafu mwalimu anarudi Buchosa kwenye darasa lenye madirisha yasiyo na pazia, ambapo saa nne asubuhi projekta haionyeshi kitu ukutani. Hakufundishwa afanyeje hapo.

La tatu ni umbali. Mwalimu wa kisiwa cha Ukara anavuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, anapanda gari hadi Nansio, kisha meli hadi Mwanza. Mada za siku mbili zinamweka nje ya darasa siku nne. Upande wa Sengerema mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwani hakuna tena kungoja kivuko, lakini visiwani hesabu ni ileile.

Ukiamua semina, weka masharti manne. Kila shule ilete walimu wawili, si mmoja, ili wakirudi kila mmoja awe na wa kumuuliza. Waje na vifaa vyao, vyenye nyufa na vyote. Mazungumzo ya mwezeshaji yasizidi theluthi moja ya muda. Na kila mwalimu aondoke na andalio la somo moja lenye tarehe, darasa na mada, ambalo mwalimu mkuu wake ana nakala.

Jumuiya ya ujifunzaji shuleni

Serikali tayari ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), unaoratibiwa na TET, ambapo walimu wa shule moja hukutana kwenye jumuiya za ujifunzaji na kujadili mada ngumu za ufundishaji. Hapa ndipo TEHAMA inapoweza kuingia bila bajeti mpya: haihitaji nauli, wala posho ya kulala, wala barua ya ruhusa.

Jumuiya hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza, inageuka kikao cha matangazo: usafi, mahudhurio, mtihani wa kata, kisha "mengineyo". Ya pili, mwalimu kijana anayejua kompyuta anageuzwa fundi wa shule. Kila mwenye tatizo anamkabidhi kishikwambi, yeye anarekebisha na kurudisha. Wenzake hawajajifunza chochote, na akihamishwa, ujuzi wote unaondoka naye, mara nyingine pamoja na nywila ya barua pepe ya shule.

Kikao kinachofanya kazi kina umbo la aina hii, dakika 75, mara moja kila wiki mbili. Dakika 10 za mwanzo, mwalimu mmoja anaonyesha alichofanya darasani tangu kikao kilichopita, hata kama kilimshinda. Dakika 25 zinazofuata, yeye au mwenzake anafundisha kipande cha somo mbele ya walimu waliokaa kama wanafunzi, kwa kifaa chenyewe. Dakika 15 wanakijadili: wapi mwanafunzi wa nyuma asingeona, wapi muda ungepotea, nini kingefanyika kwa ubao tu bila hasara. Dakika 20 wanaandaa wawili wawili kipindi cha wiki ijayo. Dakika 5 za mwisho, tarehe na majina yanaandikwa daftarini.

Chukua mfano wa mada ya sehemu katika Hisabati, darasa lina wanafunzi 90 na shule ina vishikwambi vitano vinavyofanya kazi. Ukivigawa kwa makundi ya watu sita, wanafunzi 30 tu ndio wanashika kifaa kwa wakati mmoja. Zinahitajika zamu tatu za dakika 10, na kugawa au kubadilishana vifaa mwanzoni mwa kila zamu kunakula dakika mbili. Hizo ni dakika 36 kati ya 40 za kipindi. Inawezekana, lakini kwa masharti: programu iwe imefunguliwa kabla ya kengele, viongozi wa makundi wawe wamefundishwa kubeba na kupokea kifaa, na wale 60 wanaosubiri wawe na kazi ya daftarini inayohusu mada hiyohiyo. Mwalimu asipojaribu hesabu hii na wenzake kwanza, atagundua ukweli mbele ya watoto, na kifaa hakitatoka kabatini tena muhula huo.

Mambo madogo ya aina hii hayafundishwi mbali na shule. Mvua ikipiga bati, spika ya kishikwambi haisikiki kwa mstari wa pili, kwa hiyo somo la video linahitaji mpango wa pili wa picha bila sauti. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 tu. Ukitaka herufi isomwe na mtoto aliye mita nane nyuma, inapaswa kuwa na urefu wa sentimita sita hivi, maana yake skrini inabeba mistari mitatu au minne, si ukurasa wa kitabu.

Kozi za mtandaoni

TET ina mfumo wa kujifunzia mtandaoni wenye moduli za walimu, na kuna kozi nyingi nyingine za bure. Zina faida mbili: mwalimu anasoma kwa kasi yake, na anaweza kurudia. Kwa mwalimu wa kazi saba au nane aliye peke yake shuleni, hii inaweza kuwa njia bora kuliko zote.

Kwa wengine, kozi huishia moduli ya pili. Bando ndiyo sababu inayotajwa, na ni kweli kwamba saa moja ya video ya ubora wa chini inakula takriban MB 300. Lakini hiyo inatatulika: kishikwambi kimoja kinapakua usiku, faili zinarushwa kwa vifaa vingine bila intaneti au kwa memori kadi, na masasisho ya programu yanazimwa ili yasimeze bando kimyakimya. Kisichotatulika kirahisi ni kwamba hakuna anayemwona akifundisha. Cheti kinathibitisha kwamba amejibu maswali.

Kuwa makini pia na kikundi cha WhatsApp kinachoitwa mafunzo. Kinafaa kukumbushana tarehe na kutumiana picha za kazi za wanafunzi. Kikishapita wiki tatu bila mtu wa kukisimamia, kinakuwa cha salamu za asubuhi na michango ya misiba.

Mwezeshaji anayekuja darasani

Huyu ni mtu mwenye uzoefu wa kufundisha msingi anayezunguka shule chache kwa ratiba, anakaa na mwalimu, anaona kipindi, wanazungumza, anarudi baada ya wiki tatu au nne. Kwa maoni yetu hapa ndipo shilingi inafanya kazi kubwa zaidi, na ushahidi wa tafiti unaelekea huko. Afrika Kusini, katika jimbo la North West, utafiti uliochapishwa 2020 ulilinganisha walimu waliopewa mafunzo ya pamoja na wale waliotembelewa darasani, wote wakiwa na maandalio ya masomo yaleyale ya kusoma Kisetswana. Matokeo ya wanafunzi kwa walimu waliotembelewa yalipanda kama mara mbili ya wenzao. Utafiti mwingine nchini humo, Mpumalanga, ulijaribu kumweka mwezeshaji kwenye simu na kishikwambi badala ya kumleta shuleni. Baada ya miaka mitatu, yule wa ana kwa ana alikuwa ameleta matokeo bora ya Kiingereza, na kwa waliosaidiwa kwa mbali kusoma lugha ya nyumbani kulirudi nyuma.

Karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa huko Kisumu, watafiti walijaribu njia tatu za kutumia vifaa katika programu moja ya kufundisha kusoma: vishikwambi kwa wasimamizi wanaotembelea walimu, vishikwambi kwa walimu wenyewe, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Matokeo yalichapishwa 2016. Hakuna njia iliyoipita kwa uhakika programu ileile iliyoendeshwa bila vifaa, na kumpa msimamizi kifaa kuligharimu kidogo mno kuliko kumpa kila mtoto. Wanaotaka kuanza na ununuzi wa vishikwambi 50 wakitafakari hilo kwanza wataokoa fedha nyingi.

Ziara moja inatosha kuwa ya nusu siku. Dakika 15 kabla ya kipindi, mwalimu anaeleza anachotaka wanafunzi wajue kufikia mwisho. Kipindi kinaendelea, mwezeshaji yuko nyuma na karatasi yenye safu tatu: dakika, mwalimu anafanya nini, wanafunzi wanafanya nini. Hagusi kifaa hata kikigoma. Baadaye wanakaa dakika 30, na swali la kwanza ni la mwalimu kujibu: "Mwalimu, ni dakika gani uliona watoto wamekupotea?" Kisha karatasi inawekwa mezani. Mwalimu akiona kwamba dakika 12 za mwanzo zilikwenda kwenye kebo na rimoti huku wanafunzi wakiwa hawana kazi, hahitaji kuhubiriwa. Wanakubaliana jambo moja la kubadilisha, moja tu, na tarehe ya kurudi.

Njia hii inaharibika mwezeshaji akigeuka mkaguzi. Akibeba fomu ya alama na kupeleka ripoti ofisini, walimu watamwandalia kipindi cha maonyesho na watoto watakuwa wamekariri majibu. Kazi ya Mthibiti Ubora wa Shule ni halali na ina nafasi yake, ila mtu mmoja asivae kofia zote mbili. Inaharibika pia shule zikizidi uwezo wake. Shule tano ni mzigo mzuri kwa mtu wa kazi hiyo pekee anayetembelea walimu wanne kila shule. Akipewa ishirini, atapita kusaini kitabu cha wageni.

Zikikaa bega kwa bega

| Njia | Nje ya darasa | Kinachokula fedha | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|
| Semina | Siku 2–5 na safari | Posho, nauli, ukumbi, chakula | Mazoezi, kisha ufuatiliaji |
| Jumuiya ya shule | Hakuna, ni baada ya vipindi | Chai, umeme wa LUKU, memori kadi | Ajenda, inakuwa kikao cha matangazo |
| Kozi ya mtandaoni | Hakuna | Bando | Nia, baada ya moduli ya pili |
| Mwezeshaji | Saa moja kwa ziara | Malipo yake na usafiri | Uaminifu, akigeuka mkaguzi |

Jedwali halionyeshi hesabu moja muhimu. Semina ya walimu 20 kwa siku tatu ni siku 60 za posho, bila ukumbi na nauli. Siku hizohizo 60, akilipwa mtu mmoja, ni ziara 12 kwa kila moja ya shule tano, kati ya Februari na Novemba. Walimu ni walewale 20, wanne kila shule.

Sasa uchague

Shule za Nyamagana na Ilemela ziko karibukaribu, na nyingi zina madarasa yaliyojaa. Huko mwezeshaji mmoja anaweza kugusa shule mbili kwa siku kwa daladala, kwa hiyo mlipe yeye kwanza, jumuiya ya shule iendelee katikati ya ziara, na semina ibaki siku moja ya kufungulia mwaka.

Ukerewe, na zaidi sana Ukara, geuza mpangilio. Mwezeshaji kutoka jijini atakuja mara chache na hali ya ziwa itampangia ratiba. Chagua walimu wawili wa kisiwani waliofanya kazi saba au nane kwenye kipimo, wapunguziwe vipindi kwa makubaliano na walimu wakuu wao, wawe wawezeshaji wa shule za jirani. Wao ndio wapelekwe semina ndefu, na kozi ya mtandaoni iwe yao. Wengine wote wajifunzie shuleni.

Kwa shule isiyo na umeme wa TANESCO, hesabu ya nishati inatangulia mafunzo yoyote. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inatoa kama saa-wati 600 ukitumia nusu yake tu, na ukiimaliza zaidi ya hapo kila siku itakufa mapema. Inveta inakula sehemu, unabaki na kama 500. Televisheni ndogo ya wati 50 itawaka saa kumi. Projekta ya taa ya wati 250 itawaka saa mbili, yaani vipindi vitatu, kisha giza. Mafunzo ya projekta kwa shule ya namna hiyo ni kupoteza muda wa watu.

Shule binafsi yenye chumba cha kompyuta na mwalimu wake wa somo hilo ina shida tofauti: walimu wengine wanaona kompyuta ni za mwalimu huyo. Hapo usinunue mafunzo ya nje. Mpunguzie mwalimu wa kompyuta vipindi vinne kwa wiki, avitumie kuingia na wenzake kwenye Sayansi na Hisabati, madarasani mwao, si kwenye chumba cha kompyuta.

Mafunzo anayotoa muuzaji wa vifaa bure yapokee, kwa sababu udhamini wa kifaa mara nyingi unategemea matumizi sahihi. Uyahesabu kuwa maelekezo ya mashine, basi.

Ukiandika mkataba na mwezeshaji, malipo yafuate vipindi alivyoviona, si siku alizosafiri, na kila kipindi kiwe na ile karatasi ya safu tatu yenye sahihi ya mwalimu. Nakala ibaki kwa mwalimu. Kwa mwalimu mkuu iende orodha ya tarehe na mada tu.